Fundi Saa Ajifunza Kupumua

Mama Pacha alikuwa na kanuni moja kuhusu wagonjwa: mgonjwa hanyanyui hata kijiko. Kwa hiyo mume wake alipoanza kuishiwa pumzi, alimketisha kwenye kiti karibu na dirisha na kumwambia asitoke hapo.

Asubuhi alimletea maji ya kunawa. Alimletea chai. Alimvalisha viatu, ingawa hakuwa na safari. Mume akitaka kwenda msalani, Mama Pacha alimshika kiuno kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Miguu ninayo," mume alisema.

"Miguu unayo, pumzi huna. Kaa."

Akakaa. Baba Pacha hakuwa mtu wa maneno mengi. Mtaani walimwita Fundi Saa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na kibanda kidogo pembeni mwa soko. Humo alitengeneza saa za mkononi na saa za ukutani. Alikuwa na subira ya kufungua skrubu ndogo kama chawa, na mkono wake haukutetemeka.

Sasa kibanda kilikuwa kimefungwa mwezi mzima. Soko lile lilikuwa na sheria yake: kibanda kikifungwa miezi mitatu, kinapewa mtu mwingine. Barua ya uongozi wa soko ilikuwa imeshafika. Baba Pacha aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya redio.

Mama Pacha alikuwa ameishi naye miaka thelathini na minne. Alijua jambo moja. Mwanamume huyu akikosa kibanda chake, hatainuka tena kwenye kile kiti.

Kikohozi kilianza miaka miwili nyuma. Kilikuwa kikavu, hakikutoa kitu. Kisha pumzi ikaanza kupungua, kwanza kwenye ngazi, baadaye hata kwenye uwanja wa nyumba. Walikwenda zahanati mara nyingi. Makohozi yalipimwa kifua kikuu mara tatu, na mara zote majibu yalikuwa hana. Kila mara walipewa dawa ya kikohozi. Kabatini zilijaa chupa tupu kama duka la vinywaji baada ya sikukuu.

Jumamosi moja binti yao, mmoja wa pacha wao, alikuja. Alikuwa mwalimu, na alizungumza na wazazi wake kama wanafunzi waliochelewa.

"Mama, unamtunza baba kama yai," alisema. "Yai likiwekwa tu kikapuni bila kuatamiwa, linaoza. Jumatatu tunakwenda hospitali kubwa."

"Hospitali kubwa ina foleni kubwa," alisema Mama Pacha.

"Basi tutapanga foleni. Unafikiri pumzi ya baba inakusubiri umalize kufua?"

Jumatatu wakapanga foleni.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwambia Baba Pacha avue shati. Alisikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, hasa sehemu ya chini. Akampeleka kupiga picha ya kifua. Akampulizisha bomba la kupima pumzi. Akambana kidole kwa kifaa kidogo kinachoonyesha kiasi cha oksijeni kwenye damu. Kisha akakaa na kufungua kalamu.

"Mzee wangu, kazi yako ni nini?"

"Fundi saa."

"Na nyingine?"

"Hakuna nyingine."

"Sikuulizi ya leo. Nataka zote, tangu ulipomaliza shule."

Baba Pacha alimtazama mkewe. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Kule zahanati waliuliza kazi, akasema fundi saa, wakaandika fundi saa, basi.

"Nilibeba mizigo miaka saba," alisema. "Kisha nikaingia kiwandani. Miaka kumi na sita."

"Kiwanda cha nini?"

"Cha mabati. Yale ya kijivu, magumu, yanayofanana na saruji. Mabati ya asbesto. Tulitengeneza na mabomba ya maji. Mimi nilikuwa mtu wa msumeno, nilikata."

"Vumbi lilikuwa jingi?"

"Tulitoka jioni tumefanana na waoka mikate. Mpaka kope zilikuwa nyeupe."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Lakini kiwanda kilifungwa zamani, daktari," alisema Mama Pacha. "Ni miaka kumi na tisa sasa. Vumbi gani linakaa muda wote huo?"

"Vumbi hilo hilo, mama."

Akaitundika picha ya kifua kwenye taa. Akaonyesha kwa kidole michirizi myeupe sehemu ya chini ya mapafu.

"Asbesto ni jiwe lenye nyuzi," alisema. "Ukilikata, nyuzi zinaruka. Ni nyembamba mno, huwezi kuziona kwa macho. Mtu akizivuta, zinaingia ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Mwili hauwezi kuzimeng'enya. Pole pole mapafu yanapata makovu. Mama, umewahi kuungua mkono?"

"Mara ngapi. Mimi ni mpishi wa nyumba hii."

"Ngozi ya kovu inavutika kama ngozi nyingine?"

"Haivutiki. Inakaza."

"Na mapafu ya mzee yamekaza hivyo. Hayafunguki vizuri. Makovu hayo huchukua miaka ishirini, thelathini, hata zaidi kujitokeza. Ndiyo maana mtu anasahau alikoyapata."

Binti aliuliza swali ambalo wazazi wake waliliogopa. "Ugonjwa huu unaambukiza?"

"Hauambukizi. Kuleni sahani moja, laleni kitanda kimoja. Huu si kifua kikuu."

"Na unapona?" aliuliza Baba Pacha.

"Sitakudanganya, mzee. Kovu haliondoki. Hakuna dawa ya kulifuta. Akija mtu na chupa yake akisema inasafisha mapafu, mfungie mlango. Lakini kuna mengi ya kufanya ili pumzi uliyobaki nayo ikutoshe. Kwanza, unavuta sigara?"

"Mbili tu."

"Mbili asubuhi," alisema Mama Pacha. "Za mchana na jioni umemwachia nani?"

Daktari hakucheka. Alisema asbesto peke yake inaweza kuleta saratani ya mapafu. Sigara peke yake pia inaweza. Vikikutana mwilini mwa mtu mmoja, hatari inapanda mara nyingi. Baba Pacha alisikiliza. Kisha akatoa pakiti mfukoni na kuiweka mezani.

"Ichukue wewe," alisema. "Nikiitupa njiani nitarudi kuiokota."

"Ukishikwa na hamu, njoo. Tunao watu wa kukusaidia kuacha," alisema daktari. Akaendelea. Atachomwa chanjo ya mafua makali na ya nimonia, kwa sababu mapafu yenye makovu hayana akiba ya kupigana. Atarudi kupimwa kila baada ya muda, ili kitu kibaya kikianza kionekane mapema. Oksijeni yake ilikuwa bado inatosha, kwa hiyo hakuhitaji mtungi nyumbani. Na daktari angeandika ripoti kwamba ugonjwa umetokana na kazi, ili waipeleke kwenye ofisi inayoshughulikia wafanyakazi walioumia.

"Na mara mbili kwa wiki, kwa wiki nane, atakuja mazoezini," alimaliza.

Mama Pacha alifikiri amesikia vibaya. "Mazoezi? Mtu kukohoa tu kunamchosha, wewe unamtaka akimbie?"

"Atembee, mama. Nyumbani anafanya nini?"

"Anapumzika. Mimi ndiye ninayefanya kila kitu."

"Ndiyo tatizo. Kukaa hakutibu mapafu, kunalegeza miguu. Misuli ikilegea, inahitaji hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Mgonjwa anachoka zaidi, anakaa zaidi, analegea zaidi."

Mama Pacha alikuwa amekuja na kanuni yake nzima na sasa ilikuwa imevunjika vipande mbele ya binti yake. Binti, kwa heshima, alitazama dari.

Njiani Baba Pacha alisema kwa sauti ndogo, "Wiki nane. Kibanda kimebakiza miezi miwili."

"Nimehesabu," alisema mkewe.

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi mdogo nyuma ya hospitali. Mwalimu wa mazoezi alikuwa msichana mrefu mwenye raba nyekundu. Wagonjwa walimwita Kocha. Siku ya kwanza alimpima Baba Pacha: atembee kwenye korido dakika sita, kadiri awezavyo, kupumzika ruksa.

Baba Pacha alitembea. Nyuma yake alitembea Mama Pacha, amebeba kigoda.

"Mama," alisema Kocha, "hicho kigoda ni cha nani?"

"Cha mgonjwa wangu. Akichoka akae."

"Kiweke pale ukutani. Ukae wewe."

Wagonjwa wengine walicheka. Mama Pacha alikaa, lakini kwenye ncha ya kigoda, kama kuku anayetaka kuruka. Mumewe alisimama mara mbili kushika ukuta. Dakika sita zilipokwisha, alikuwa ametembea mita mia moja na tisini.

"Vizuri," alisema Kocha. "Sasa tunajua tunapoanzia. Baba, nikufundishe kupumua."

"Nimepumua miaka sitini na moja, binti yangu."

"Umepumua kwa haraka. Sasa upumue kwa akili. Vuta kwa pua, taratibu: moja, mbili. Toa kwa mdomo uliobana, kama unapoza chai: moja, mbili, tatu, nne. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta."

Baba Pacha alipoza chai isiyokuwepo. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya tano mabega yake yalishuka.

"Ukiinuka kwenye kiti, toa pumzi. Ukinyanyua kitu, toa pumzi. Usiizuie ndani," Kocha alisema. "Na usiogope kuhema kidogo. Ukiweza kusema sentensi fupi, endelea. Ukishindwa kusema hata neno, simama. Kifua kikiuma, kichwa kikizunguka, au midomo ikiwa ya buluu, acha kabisa na utuambie hapo hapo."

Mazoezi yenyewe hayakuwa ya ajabu. Walitembea. Walikaa na kuinuka kitini mara kumi. Walinyanyua chupa za maji zilizojazwa mchanga. Nyumbani alitakiwa kutembea kila siku, leo kidogo, kesho kidogo zaidi.

Kwa Mama Pacha zoezi gumu lilikuwa moja tu: kunyamaza. Mumewe alipoinama kuvaa viatu vyake mwenyewe, aliuma midomo. Mumewe alipobeba kikombe chake hadi jikoni, alifumba macho.

"Umevuta pumzi hujaitoa," mume alimwambia. "Utaanguka."

Wiki ya tatu Kocha alikuja nyumbani kuona jinsi mgonjwa anavyoishi. Alitazama kitanda, choo na njia ya uwanjani. Kisha akafika jikoni. Mama Pacha alikuwa amechuchumaa, anasugua sufuria. Mkononi alikuwa na kipande cha kitu cha kijivu. Alikuwa amekiponda upande mmoja, na unga wake ulikuwa umetapakaa chini.

"Mama, unasugulia nini?"

"Kipande cha bati la kiwandani. Hakuna kinachong'arisha sufuria kama hiki. Mtaa mzima tunatumia."

Na kweli. Enzi za kiwanda, mabati yaliyopasuka wafanyakazi walipewa bure. Ilikuwa bahati yao, na wake zao walijivunia. Waliezeka majiko kwa mabati hayo. Vipande vilivyobaki walivirundika nyuma ya nyumba. Mwanamke mmoja aligundua kwamba vinang'oa masizi, akamwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia mwingine.

"Kiweke chini taratibu," alisema Kocha. "Usikitupe. Usifagie. Leta maji."

Mama Pacha alikiweka. Kocha alinyunyiza maji kwenye ule unga, pole pole, mpaka ukalowa kabisa. Wakaufuta kwa matambara mabichi, wakatia matambara na kipande ndani ya mfuko wa plastiki, wakaufunga, wakautia ndani ya mfuko mwingine. Wakanawa mikono.

"Hiyo ndiyo asbesto, mama. Ile ile iliyomo kwenye mapafu ya baba. Likiwa zima na limetulia, bati halitoi vumbi jingi. Ukilivunja, ukalikata, ukalitoboa au ukalisugua, nyuzi zinaruka. Na zinaingia puani mwa yeyote aliye karibu."

"Nimesugulia miaka ishirini na zaidi."

Kocha alimsogezea kigoda.

"Na ovaroli zake," Mama Pacha aliendelea. "Nilikuwa nazikung'uta mlangoni kila jioni kabla ya kuzifua. Vumbi linanijia usoni. Nilidhani ni saruji tu. Pacha wakicheza pale pale."

"Hukujua, mama. Na sisi tuliojua hatukuja kukwambia. Kesho njoo upimwe. Waambie na watoto waje, wamweleze daktari kwamba baba yao alifanya kazi pale."

Walipimwa wote watatu, Mama Pacha na pacha wake wawili. Mapafu yao yalionekana safi. Daktari alisema waendelee kupimwa kadiri atakavyowapangia, kwa kuwa ugonjwa huu hauna haraka. Wafanyakazi wa halmashauri ya mji waliofunzwa kuondoa asbesto walikuja na nguo maalumu na barakoa za kuzuia vumbi hilo. Walilowesha vipande vya nyuma ya nyumba, wakavifunga, wakavichukua. Bati la jikoni lilikuwa zima, wakaliacha. Lakini walimwonya Mama Pacha asilisugue kuvu, asipigilie msumari, asiruhusu fundi yeyote kulikata.

Jioni ile Mama Pacha alizunguka nyumba kumi na moja za mtaa. Hakupunguza makali.

"Mimi nilikuwa mjinga wa kwanza," alisema kila mlangoni. "Wewe usiwe wa mwisho. Kile kipande kiko wapi?"

Wiki ya tano mambo yaliharibika. Baba Pacha aliamka na homa. Alianza kutoa makohozi, na yalikuwa ya kijani. Pumzi ilikuwa fupi kuliko jana. Daktari alikuwa amewaeleza dalili hizo: zikitokea, waje siku hiyo hiyo.

"Ni mafua," alisema Baba Pacha. "Leo nina mazoezi. Nikilazwa nitapoteza wiki, na kibanda hakina wiki ya kupoteza."

"Vaa shati."

"Mama Pacha, kile kibanda..."

"Kibanda bila fundi ni mbao na misumari. Vaa shati, au nikuvalishe, na wewe siku hizi hutaki kuvalishwa."

Alivaa. Walimkuta na nimonia changa. Alipewa dawa za kuua vijidudu na kulazwa siku nne. Daktari alisema wangechelewa siku tatu, angelazwa mwezi, kama si zaidi. Baba Pacha alirudi mazoezini amelegea, akaanza tena na miguu inayotetemeka. Siku ya tatu alimuuliza Kocha kama angeweza kurudi kazini kabla ya wiki nane kwisha.

Kocha alitazama kalenda pamoja naye. Miezi mitatu ya soko ingetimia Ijumaa ya wiki ya nane.

"Alhamisi hiyo tutakupima," alisema. "Miguu yako ndiyo itakayojibu."

Alhamisi alitembea korido ile ile. Alisimama mara moja tu, akatoa pumzi kama anayepoza chai, akaendelea. Mita mia tatu na kumi.

"Nenda," alisema Kocha. "Nusu siku. Pumzika kabla hujachoka, si baada. Kibanda kisafishwe kwa kitambaa kibichi, kusiwe na vumbi la aina yoyote. Na mazoezi usiyaache hata ukijiona mzima. Makovu yapo pale pale."

Ijumaa asubuhi walitoka nyumbani saa moja. Mwendo uliowahi kuwachukua dakika kumi uliwachukua dakika ishirini na tano. Walipumzika mara tatu, kwa makusudi. Kila walipopumzika Baba Pacha alisema sentensi fupi kujipima. Ya kwanza ilikuwa, "Hili duka wamelipaka rangi mbaya." Ya pili ilikuwa, "Umesahau leso." Ya tatu ilikuwa, "Acha kunitazama mdomo."

Mwenyekiti wa soko aliwakuta wanafungua kufuli. Alikuwa na daftari mkononi, na nyuma yake alisimama kijana muuza chaja za simu, anakipimapima kibanda kwa macho.

"Fundi," alisema mwenyekiti, "nilisikia umeshindwa."

"Nimeshindwa kukimbia," alijibu Baba Pacha. "Saa hazikimbii ovyo, nami sina haja."

Mwenyekiti alicheka, akafunga daftari. Muuza chaja aliondoka akitafuta kibanda kingine.

Mama Pacha alipangusa meza kwa kitambaa kibichi. Akaweka maji ya kunywa mkono wa kulia. Akasogeza kiti. Akakirudisha kilipokuwa. Mteja wa kwanza alileta saa ya ukutani iliyosimama tangu mwaka jana. Baba Pacha aliifungua, akainamia ndani na bisibisi yake. Mkono haukutetemeka. Mama Pacha alisimama juu yake, anahesabu pumzi: kuvuta mbili, kutoa nne.

"Mama Pacha," alisema mume bila kuinua kichwa.

"Nini? Umechoka? Nilete maji?"

"Unanizibia mwanga. Nenda nyumbani."

Alifungua mdomo kujibu. Akaufunga. Akachukua kikapu chake, akatoka, akapita mafungu ya nyanya na wauza ndoo bila kugeuka. Alipofika kwenye lango la soko alisimama kidogo, akavuta pumzi kwa pua, akaitoa taratibu, akaenda kununua dawa ya kusugulia sufuria.